Miguu Isiyopita

Mwanamke mwenye ndoo mkononi, tiki. Wanaume wawili wanaobishana habari za mpira, tiki, tiki. Watoto wa shule hawahesabiwi. Askari wa doria hahesabiwi. Yule muuza maji aliyekwisha kupita mara tatu tangu asubuhi hahesabiwi tena, maana mtu mmoja hata azunguke kama pia, tumbo lake ni lile lile moja.

Bi Hesabu alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka la simu, kigoda chake kimeegemea ukuta, goti bovu amelinyoosha mbele, kidude cha chuma cha kuhesabia kiganjani. Kila aliyepita akielekea sokoni, kidole gumba kilibonyeza. Kila saa ilipotimia, aliandika namba kwenye karatasi, akarudisha kidude kwenye sufuri, akaanza upya. Ndiyo kazi yake. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inawauzia matajiri kitu kimoja tu: habari za kesho. Mtu anayetaka kujenga maduka huenda kwao kuuliza, mtaa huu baada ya miaka kumi utataka maduka mangapi? Nao hutuma mtu wa kuhesabu miguu, kisha wataalamu huichukua ile miguu, huizidisha kwa nyumba zinazojengwa na watoto wanaozaliwa, hutoa jibu lenye michoro ya rangi. Lakini bila ule mguu wa kwanza, hakuna kitu. Na mguu wa kwanza ulikuwa mikononi mwa Bi Hesabu.

Alikuwa hodari kuliko wote. Wengine walihesabu vichwa. Yeye alihesabu nia. Aliwajua wanaopita kwa sababu ya kivuli na wanaopita kwa sababu ya haja. Aliujua mkoba mtupu unaokwenda na mkoba mzito unaorudi. Pembeni mwa karatasi yake aliandika vitu ambavyo hakuna aliyemwomba aandike: wengi wanavuka kabla ya kufika hapa, jua kali upande huu. Mtaalamu, binti wa kazini aliyekuwa akizikusanya karatasi, alikuwa akisema, "Bi Hesabu, wewe ungezaliwa na kompyuta, sisi wote tungekuwa tunakuletea chai."

"Na mimi ningeikataa," alijibu. "Chai ya wasomi haina sukari."

Siku ya pili ya kazi hiyo, mlinzi wa duka la simu alimjia.

"Mama, umekaa hapa tangu jana. Una kibali?"

"Ninacho. Huwa sitembei mikono mitupu."

Akaitoa barua ya ruhusa kwenye bahasha, akamkabidhi. Yeye mwenyewe hakuwa ameisoma. Mlinzi aliisoma kwa kunong'ona, neno kwa neno, kisha akaishusha, na hapo Bi Hesabu akaiona sahihi chini ya karatasi. Mkia wake ulikuwa mrefu, umerudi nyuma na kujikata shingo.

Sahihi ile alikuwa ameiona mara moja tu maishani. Mara moja ilitosha.

"Mwenye kiwanja ndiye mwenye duka hili?" aliuliza, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa.

"Hili na kile kiwanja cha nyuma, vyote vyake. Wanasema duka litabomolewa, lipande jengo kubwa."

"Haya. Mungu ambariki," akasema Bi Hesabu. Akaupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono. Walikuwa wameupaka rangi ya buluu, lakini chini ya buluu ile kulikuwa na nyeupe, na ile nyeupe aliipaka yeye.

Lilikuwa duka la baba yake. Alianza kusimama nyuma ya meza yake akiwa na miaka kumi na minne, baba alipoanza kuugua mgongo, na alisimama pale miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyemwambia baba waufungue mlango wa pili, upande wa kituo cha mabasi. Yeye ndiye aliyesema mafuta ya taa yawekwe nje na sabuni ndani, ili anayefuata mafuta aione sabuni. Baba alikuwa akimwambia kila mteja, "Huyu binti anasikia nyayo. Mtu akiwa kule kona, yeye amekwisha kujua anataka nini." Na akaongeza, mbele za watu, si mara moja wala mbili, "Duka hili litakuwa lake."

Ndugu yake mdogo, kitinda mimba, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hata alipoota ndevu, hakuwa na habari na duka. Alikuja kuchukua soda na kuondoka. Lakini baba alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, Kitinda alikuja na karatasi. Ilikuwa na alama ya kidole cha baba, ya siku ambazo mzee alikuwa hamtambui hata mkewe, na chini yake sahihi ya Kitinda, yenye mkia. Duka na kiwanja, vyote kwake.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema siku ile. "Wewe ni mtu wa kuolewa. Utalipeleka duka la baba kwa watu?"

Mama yao alikuwepo. Aliinamisha uso, akasema, "Ndugu hawagombani, wanangu." Basi. Hakusema lingine.

Kitinda akampa dada yake kigoda alichokuwa akikalia nyuma ya meza. "Kumbukumbu," alisema, kana kwamba anatoa zawadi. Bi Hesabu alikibeba kichwani, akavuka barabara mchana kweupe, wateja wakimtazama. Hakuolewa. Alifua nguo za watu, akauza barafu, akafagia ofisi, na siku moja, akifagia ofisi ile, akamsikia msomi mmoja akisema mtaa fulani hauna wateja, naye, fagio mkononi, akasema, "Wapo, ila wanapita nyuma." Ndivyo alivyoipata kazi.

Miaka ishirini na miwili. Na sasa, alikuwa amekalia kigoda kile kile, mbele ya ukuta ule ule, akimhesabia Kitinda utajiri wake.

Saa nane barabara ilikuwa tupu. Jua lilikuwa limewafukuza watu wote. Alipita mbwa, akasimama, akajikuna, akaenda zake.

Kidole gumba kikabonyeza. Tiki.

Bi Hesabu akakitazama kidole chake kama kitoto kilichotukana mbele ya wageni. Akangoja, kama vile kuna atakayetoka dukani na kumshika mkono. Hakutoka mtu. Kikabonyeza tena.

Kudanganya si kazi ngumu. Kudanganya vizuri ndiko kazi. Mpumbavu angezidisha kila saa mara mbili, akakamatwa kabla ya Ijumaa. Bi Hesabu hakuzidisha asubuhi, maana asubuhi za mitaa yote zinafanana na wataalamu wanazijua. Alizidisha saa za katikati, zile ambazo hakuna msomi anayetoka kwenye kivuli kwenda kuzihakiki. Siku ya mvua aliishusha namba, akaifanya ishuke kwa uchungu, kama namba ya kweli inavyoshuka. Siku ya Jumamosi aliipandisha, kisha akaikata kidogo saa kumi, kwa sababu mtaa wenye watu wengi huchoka saa kumi. Ulikuwa uongo wa mtu anayeipenda kazi yake.

Ijumaa jioni Mtaalamu alikuja na kidude chake kuhakiki, kama taratibu zilivyotaka. Walikaa pamoja saa nzima, saa ile ya watu kutoka kazini, barabara ikifurika. Walipomaliza, wakalinganisha. Yeye mia sita na kumi na mbili. Mtaalamu mia sita na tisa.

"Umenishinda watatu," Mtaalamu alicheka.

"Ulikuwa unapiga miayo, mwanangu. Watatu walipita kinywani mwako."

Saa ile moja alikuwa ameiacha safi kama maji ya kunywa.

Baada ya mwezi ripoti ikatoka. Mtaalamu alimsomea kwa furaha, mezani, kidole juu ya mchoro. Mtaa ule una maduka arobaini. Kwa miguu inayopita, na kwa nyumba zinazoongezeka, baada ya miaka kumi utahitaji mia moja na ishirini. Mwenye kiwanja alikuwa amefikiria ghorofa moja juu ya maduka ya chini; kampuni inamshauri aende ghorofa tatu, asije akajuta.

"Hii ndiyo ripoti yangu ya kwanza yenye jina langu juu," Mtaalamu alisema. "Umeniletea bahati, Bi Hesabu."

Bi Hesabu alimtazama binti yule, meno yake meupe, kola yake iliyopigwa pasi kwa uangalifu. Kitu kikamchoma mbavuni. Akakiambia kinyamaze.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, gari kubwa lilisimama mbele ya nyumba alimopanga chumba. Kitinda akashuka. Alikuwa amenenepa shingo, nywele zimeingia mvi. Miaka sita hawakuwa wameonana, tangu mazishi ya shangazi yao.

"Hodi, dada."

"Karibu. Kaa kitandani, kiti ni kimoja tu, nacho kimevunjika."

Alikaa pembeni mwa kitanda, magoti yamembana. Alitazama kuta, pazia, jiko la mafuta. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya paja. Ilikuwa picha ya pembe ya barabara, na kwenye picha, mdogo kama sisimizi, mwanamke juu ya kigoda.

"Ukurasa wa tisa wa ripoti," alisema. "Nimeupita mara tatu. Mara ya nne nikasema, huyu mbona anakaa kama dada yangu?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyehesabu."

"Ndiyo kazi yangu."

Kitinda alijifuta uso. "Dada, mimi hawa watu wa michoro siwaamini. Wanasema mia na ishirini. Mia na ishirini! Benki imefurahi, mhandisi amefurahi, mke wangu amekwisha kuchagua vigae. Lakini mimi silali. Ili nipate mkopo wa kujenga ghorofa tatu, lazima niweke dhamana hata nyumba ya mama." Akaikunja ile karatasi. "Nimekuja kwako kwa sababu baba alikuwa akisema wewe unasikia nyayo. Basi niambie mimi, ndugu yako. Watu wa pale watapanda ngazi?"

Hapo ndipo palipokuwa na ukweli wote, na Bi Hesabu aliujua kama anavyojua kucha zake. Watu wa mtaa ule walikuwa watu wa kupita. Walishuka basi, wakanunua kilichokuwa usawa wa macho, wakaenda kupika. Hawapandi. Hata ukiwawekea dhahabu ghorofa ya pili, wataitazama kutoka chini na kuisifu. Maduka thelathini ya chini yangejaa mpaka mlangoni. Ya juu yangekaliwa na popo.

Kitinda alikuwa amemkazia macho. Yalikuwa macho ya yule mtoto aliyekuja kuchukua soda. Macho ya mtu asiyefikiri hata kidogo kwamba anaweza kunyimwa. Hakuomba radhi. Hakulitaja duka. Miaka ishirini na miwili, na hakulitaja.

Angelitaja tu.

"Watapanda," alisema Bi Hesabu. "Weka ngazi pana, weka taa. Watapanda."

"Kweli, dada?"

"Baba angekuwa hai angekwambia uweke nne."

Kitinda akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akacheka, akasema, "Damu ni damu." Alipoondoka, mkono wa Bi Hesabu ulinuka manukato yake mpaka jioni. Aliuosha kwa sabuni ya kufulia mara mbili.

Jengo lilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Duka la baba lilibomolewa siku ya kwanza. Alikwenda kutazama, akaona ukuta ukianguka, buluu kwanza, halafu nyeupe. Hakulia. Alitaka waharakishe.

Lilipofunguliwa, likawa kama alivyojua. Chini kulijaa ndani ya wiki mbili. Juu walikuja wale wa kudanganyika na taa: kinyozi, wauza mapazia, mshonaji mmoja mwenye cherehani mbili. Baada ya miezi mitatu kinyozi akashuka. Baada ya mitano, ghorofa ya pili na ya tatu zilibaki milango ya chuma iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, kama safu ya meno yaliyoumana. Bi Hesabu alikuwa na desturi ya kupita pale akitoka kazini. Alisimama ng'ambo ya barabara, akayainua macho, akaihesabu milango iliyofungwa. Sitini na moja. Sitini na nne. Sabini. Kila ulipoongezeka mmoja alijisikia kama mtu anayetafuna nyama laini, taratibu, asiyetaka iishe. Nyumbani alikuwa akiimba akifua.

Siku moja alikutana na mshonaji kwenye ngazi za nje, amebeba kichwa cha cherehani mikononi kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Nisaidie kushika huku."

"Marahaba. Unahama?"

"Nahama? Nakimbia. Tangu Jumatatu mteja aliyepanda ni mmoja, naye alikuwa anatafuta choo." Alicheka. "Waliniambia hesabu ilipigwa na wataalamu. Nikauza shamba la mume wangu. Mtu anahesabuje watu wasiokuwepo, mama? Wao wanaona majini?"

Bi Hesabu alishika upande mmoja wa cherehani. Ilikuwa nzito. Waliishusha mpaka barabarani. Tangu siku ile akawa anazunguka kwa barabara ya nyuma.

Mtaalamu naye aliitwa ofisini kwa wakubwa, akatoka akiwa na katoni ya vitu vyake. Alimuaga kila mtu. Alipofika kwa Bi Hesabu alisema, "Sijui nilikosea wapi. Nimerudia ile hesabu mpaka macho yameuma." Bi Hesabu alimpangusa vumbi lisilokuwepo begani, akamwambia atapata kazi nyingine, yeye bado mtoto. Binti akaitika kwa adabu, akaondoka.

Mwaka wa pili benki ikalichukua jengo. Na kwa kuwa jengo halikutosha, ikaichukua na nyumba ya mama. Kitinda alimpeleka mkewe na watoto kwa wakwe, mji wa mbali, na yeye akawafuata huko. Wengine walisema anaendesha lori la mtu. Hakuja kumuaga dada yake. Alimletea mama tu, asubuhi, kwa teksi, na mizigo miwili, akamwacha mlangoni kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa mama alikuwa akilala kwenye kitanda, Bi Hesabu chini kwenye mkeka. Macho ya mama yalikuwa yamefifia; alikijua chumba kwa kupapasa. Hakulalamika. Alisifu uji, alisifu dirisha, alisema upepo wa hapa ni mzuri kuliko wa kule. Bi Hesabu alimpokea kama mtu anayepokea mali iliyokuwa yake tangu zamani. Siku za kwanza hata hilo lilikuwa tamu: mwishowe mama amekuja kwake.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa sakafuni kati ya magoti ya binti yake, akisukwa. Nywele zake zilikuwa laini na nyeupe, chache, zinateleza.

"Ndugu yako ni mjinga, najua," mama alianza ghafla. "Siku ile ya karatasi nilijua. Nilinyamaza. Nikasema, huyu mkubwa ana akili, ataishi. Huyu mdogo bila duka atakufa njaa. Nilikukosea, mwanangu. Nilikuwa naona haya kukwambia nilipokuwa naishi naye."

Vidole vya Bi Hesabu vilisita. Miaka ishirini na mingapi alikuwa amelingoja neno hilo? Alikuwa amelingojea kwenye mlango mwingine kabisa, wa Kitinda.

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Lakini yeye pia amedhulumiwa." Mama akaikunja miguu vizuri. "Nilimuuliza, nani alikushauri ujenge vile? Akasema, mama, acha. Nikamwambia nitajie jina nimshitaki kwa Mungu. Akakataa katakata. Analia, lakini hataji. Mpaka leo hataji."

Nje, mtu alikuwa akimwaga maji kwenye mfereji.

"Basi mimi nitamshitaki bila jina," mama akasema. "Mungu hahitaji jina." Akavifungua viganja vyake juu ya magoti, akaviinua kidogo, akafumba yale macho yaliyokuwa hayaoni. "Ee Mungu, aliyempotosha mwanangu akijua, aliyenitoa kwenye nyumba niliyozalia wanangu, nawe mlipe. Mlipe kwenye kile anachokipenda. Asipate pa kuegemea." Akangoja kidogo. "Mbona huitikii? Sema amina."

"Nina chanuo mdomoni, mama."

"Litoe."

Alilitoa. Lilikuwa na alama ya meno. Mistari miwili ilikuwa imekwisha kusukwa, imelala vizuri upande wa kushoto; upande wa kulia nywele zilisimama zenyewe, nyeupe, nyepesi, zikitikiswa na upepo wa dirishani. Na viganja vya mama vilikuwa bado viko wazi hewani, vinangoja.